Kugawana kazi ya darasa na wanachuo: mwongozo kwa wakufunzi wa Lamu

Mkufunzi akiingia na vitini vyake, akasema saa mbili mfululizo, kisha akatoka na vumbi la chaki vidoleni, kazi ya siku hiyo ameifanya yote peke yake. Wanachuo wamekaa tu. Wiki ya kumi, mtihani ukibisha hodi, ndipo hubainika kwamba anayezijua zile mada ni yule yule aliyezijua tangu mwanzo.

Kuwaachia wanachuo darasa pia hakufai. Manahodha wakiwa wengi, chombo huenda mrama. Linalotakiwa ni kila kazi kuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina, kama jahazini: mmoja yuko kwenye sukani, mwingine ameshika demani, kamba ya tanga, wa tatu anafua maji, na upepo ukigeuka hakuna anayeuliza zamu ni ya nani.

Kwanza tenga yasiyogawanywa. Yaliyomo kwenye mtaala, usalama wa karakana na alama ya mwisho ni mzigo wa mkufunzi, na darasa liambiwe hivyo wazi siku ya kwanza. Ukilipigisha kura jambo ambalo tayari limeamuliwa, wanachuo watagundua wiki ya pili na hawatakuamini tena kwa lolote. Yanayogawanyika ni mpangilio wa saa, mifano itakayotumika, nani atafanya nini na lini, namna kazi itakavyowasilishwa, na nini kitatokea mtu asipotimiza.

Kwa vyuo vya ufundi hili si jambo geni. Sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya mwaka 2013 ndiyo iliyotufungulia mlango wa mafunzo ya umilisi. Mwanachuo hupimwa kwa anachoweza kufanya kwa mikono yake, na huwa na faili ya ushahidi ya kuonyesha. Mfumo wenyewe umeshamkabidhi nusu ya mzigo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumebadilisha makaratasi tu, na ufundishaji umebaki wa imla.

Kabla ya muhula: kalenda ya chuo na kalenda ya maji

Muhula ni wiki kumi na mbili au kumi na tatu. Chora jedwali lake kwenye karatasi moja, na pembeni ya kila wiki andika mambo ambayo ratiba ya chuo haiyaoni.

La kwanza ni maji. Chuo kikiwa Amu, yaani mji wa Lamu, wanachuo wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wengi hupanga mjini na kurudi kwao Ijumaa. Boti zao hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo kuna Jumatatu ambazo mwanachuo wa Faza anaweza kuwa darasani saa tatu, na Jumatatu ambazo hawezi hata akiamka alfajiri. Muulize nahodha yeyote gatini, atakupa saa za mwezi mzima bila kufungua simu. Jumatatu za bamvua usiweke jaribio asubuhi, wala usianze mada mpya. Weka marudio, au kazi ya faili.

Muhula wa Mei hadi Agosti huangukia kusi, bahari inapochafuka. Humo ongeza wiki moja ya akiba. Wanaotoka Mpeketoni na Hindi wana barabara hadi Mokowe na boti moja fupi tu, lakini mvua ya masika huwachelewesha nao.

La pili ni ibada na sherehe. Ijumaa, kipindi kinachopita saa sita mchana ni kipindi cha viti vitupu, basi kimalizie saa tano na nusu. Mwezi wa Ramadhani peleka kazi za jua kali na za nguvu kwenye saa mbili asubuhi, na mchana bakisha kusoma na kuandika. Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni, na wanachuo wengi wana kazi nyumbani, dukani au kwenye nyumba za wageni. Usishindane na Maulidi. Utashindwa.

La tatu ni vifaa. Mchanga, kokoto na saruji hushuka gatini na kupakiwa punda. Kazi ya vitendo inayohitaji mifuko mitatu ya saruji Jumatano lazima iwe imeagizwa Jumatatu, na hili ni mojawapo ya majukumu utakayowakabidhi wanachuo.

Kipindi cha kwanza: mapatano

Tenga saa mbili kamili. Usianze mada yoyote siku hiyo, hata kama mtaala unakukimbiza. Saa mbili hizi zitarudi zenyewe kabla ya wiki ya tano. Hesabu ni ya darasa la watu thelathini.

Dakika tano za mwanzo, kila mtu aandike peke yake, bila jina, majibu ya maswali mawili: ni kitu gani mkufunzi hufanya kinachokusaidia kuelewa, na ni kitu gani mwanachuo mwenzako hufanya kinachokuharibia? Kuandika peke yako kwanza ni muhimu. Ukianza na mjadala, watu watatu watasema na ishirini na saba watakubali, na makubaliano ya aina hiyo hayafiki Ijumaa.

Dakika ishirini zinazofuata wakae wanne wanne. Kila kundi lichague mambo mawili ya upande wa mkufunzi na mawili ya upande wa wanachuo, na kuyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila iliyokatwa vipande. Bandika vyote ukutani. Yanayofanana yarundike pamoja.

Sasa anza na safu ya mkufunzi. Hapa ndipo mapatano husimama au huanguka. Wanachuo wakiona wewe ndiye wa kwanza kufungwa, wao hufungika bila mabishano. Ukianza na safu yao, hiyo ni orodha ya amri, na walishazoea kuzisahau.

Kila sentensi ipitie swali moja: je, mtu aliye mlangoni anaweza kuliona likifanyika au likivunjwa? "Tuheshimiane" halionekani. "Anayesema asikatizwe mpaka amalize" linaonekana. "Mkufunzi awe na bidii" liondoe. "Kazi irudishwe ndani ya siku saba" libaki. Sehemu hii huchukua dakika arubaini, na ndiyo yenye faida kuliko zote, basi usiiharakishe. Mambo yasizidi matano kila upande. Yakifika kumi hakuna atakayeyakumbuka.

Mapatano yaliyokamilika husomeka hivi:

Mkufunzi: Naanza kipindi saa mbili kamili. Nikichelewa, dakika hizo nazilipa wiki hiyo hiyo kwa saa mtakayochagua. Kazi mliyonikabidhi narudisha ndani ya siku saba, na maelezo ya kosa, si alama tu. Jaribio nalitangaza siku kumi kabla, pamoja na mada zake. Swali nisilolijua jibu nalibakisha ubaoni na kulijibu kipindi kinachofuata.

Mwanachuo: Nakuja nimesoma kurasa nilizopewa, na swali moja lililoandikwa. Boti au gari likinichelewesha, natuma ujumbe kabla ya kipindi kuanza. Nikikosa, nachukua muhtasari kabla ya kipindi kinachofuata. Kifaa nilichotumia nakisafisha na kukihesabu kabla sijatoka. Simu yangu iko mezani kifudifudi, isipokuwa kazi inapoihitaji.

Kila mtu atie sahihi, mkufunzi wa kwanza. Chini kabisa andika tarehe ya kuyapitia upya, wiki ya nne. Bila tarehe hiyo, karatasi ile huwa pambo la ukuta. Piga picha na uitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa kuwa manila na joto la Lamu hazielewani: gundi huachia, na wiki ya tatu karatasi iko sakafuni.

Muda ukibaki, wape kazi ya kwanza papo hapo. Kila mmoja aeleze kwa sentensi tatu kwa nini amechagua kozi hii. Karatasi hizo zihifadhi, zitafaa wakati wa kutafuta mifano.

Zamu

Wanachuo thelathini, makundi sita ya watu watano, kazi sita, na kila kazi wiki mbili. Wiki kumi na mbili zikiisha, kila kundi limepita kila kazi mara moja. Hesabu hii ndiyo inayozuia malalamiko.

Zamu ya rejista hupitisha karatasi ya mahudhurio, huandika saa mkufunzi alipoingia (naam, saa yako pia), na hupokea ujumbe wa waliochelewa. Zamu ya muhtasari huandika ukurasa mmoja wa kipindi, kwa mkono, wakaupiga picha na kuutuma kabla ya saa mbili usiku. Ukurasa mmoja tu. Ukiwaruhusu watatu, watanakili ubao mzima bila kufikiri. Mkufunzi husoma ukurasa huo kabla ya kipindi kinachofuata, kwani ndio kioo chake: humo utaona walichosikia, na mara nyingi sicho ulichosema.

Zamu ya vifaa huagiza, hupokea, huhesabu na kufunga kabati. Zamu ya maswali hukusanya maswali yaliyoandikwa, huyapanga, na kumpa mkufunzi matatu yanayojirudia. Zamu ya waliokosa humfuata kila aliyekosa kipindi na kukaa naye dakika kumi na tano. Zamu ya sita ni ya usafi wa karakana, ambayo haina maelezo.

Zipangwe kwa kura. Ukiacha watu wajichagulie, wasichana watajikuta kwenye usafi na muhtasari muhula mzima, na wavulana kwenye vifaa. Hakuna atakayesema kitu, na mwisho wa muhula msichana aliyesajiliwa ujenzi atakuwa hajawahi kuhesabu nondo.

Zamu inayolegea haraka kuliko nyingine ni ya waliokosa, kwa kuwa haionekani. Ipe uthibitisho: aliyefuatwa aandike kwenye rejista mstari mmoja wa alichoelezwa. Huo mstari ukisomeka "nilielezwa topic", zamu haikufanya kazi.

Kumwachia mwanachuo kazi hatua kwa hatua

Kugawana zamu ni rahisi. Kugawana ustadi wenyewe ndiko kugumu. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Marekani, P. David Pearson na Margaret Gallagher, walieleza njia ya kumwachia mwanafunzi jukumu polepole, ambayo kwa Kiswahili cha darasani ni nafanya mimi, tunafanya sote, mnafanya nyinyi. Karibu kila mkufunzi huitaja. Wengi huruka hatua ya kati.

Tuchukue kupima ulaini wa zege, somo ambalo kila mwanachuo wa ujenzi hulipitia. Kifaa ni koni ya chuma isiyo na kitako wala kifuniko: kimo milimita 300, upana wa chini 200, wa juu 100. Zege hujazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16. Juu husawazishwa, koni huinuliwa wima kwa sekunde tano hivi bila kuzungushwa, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani kutoka kimo cha koni.

Nafanya mimi: fanya mara moja kimya kabisa, wanachuo wakiandika wanachokiona. Kimya hicho huwasumbua, na ndilo lengo, macho hufunguka. Kisha rudia ukisema unachofikiri na sababu yake: "Nasimama juu ya masikio ya koni ili isiinuke na kuvujisha zege chini. Tabaka la pili nalishindilia mpaka fimbo iguse la kwanza, lisije likawa na mwanya."

Tunafanya sote: sasa mikono ni yako na ubongo ni wao. Simama na koni, usifanye chochote usichoamriwa. Wakisema "jaza," jaza mpaka juu kwa mkupuo mmoja. Watapiga kelele, na hapo wenyewe watasema matabaka matatu. Wakisahau kulowesha koni, usiwakumbushe, zege litagandia na watajifunza wenyewe. Hatua hii huchukua dakika ishirini. Ikifupishwa, makosa yote yanahamia hatua ya tatu, ambako makundi sita yanakosea kwa wakati mmoja nawe una macho mawili.

Mnafanya nyinyi: wawili wawili, mmoja akipima na mwingine akishika orodha ya hatua, kisha wabadilishane. Anayeshika orodha haruhusiwi kugusa koni. Akiigusa, jukumu limemrudia aliyejua tangu mwanzo.

Kwa Lamu kuna la kuongeza: waulize mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Swali hili mpe mwanachuo alipeleke kwa fundi wa mtaani kwake, arudi na jibu. Watarudi na majibu yanayogongana, na kipindi kizuri cha mjadala kitakuwa kimejiandaa chenyewe.

Swali moja katikati ya kipindi

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa kusimamisha mhadhara na kuuliza swali la kuchagua jibu. Njia yake haihitaji umeme wala projekta.

Andika ubaoni: Mchoro unataka zege lishuke milimita 75, lako limeshuka 180. Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni kipi? 1) kokoto zimezidi, 2) maji yamezidi, 3) saruji imezidi, 4) limeshindiliwa sana. Wape dakika moja ya kufikiri kimya. Kisha kila mmoja aonyeshe vidole kifuani, jirani asione. Hesabu. Katika darasa la thelathini, waliopata wakiwa chini ya tisa, acha mjadala, fundisha upya kwa mfano mwingine. Wakizidi ishirini na mmoja, eleza kwa ufupi na uendelee. Wakiwa kati ya hapo, waambie kila mmoja amtafute aliyeonyesha jibu tofauti na amshawishi, dakika tatu. Hesabu tena.

Makosa mawili huua njia hii. Moja ni kusema jibu sahihi kabla ya hesabu ya pili. La pili ni kuuliza swali la kukariri, kama urefu wa koni, ambalo halina la kujadiliwa: ama unaujua ama huujui.

Kazi za makundi na wavivu wake

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa 1913. Watu wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa nguvu pungufu kuliko akivuta peke yake, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyopungua. Aliyewahi kusaidia kupandisha mashua ufuoni hahitaji kuambiwa na Mfaransa. Daima yupo anayeitikia wimbo kwa sauti kuu na mkono wake umelegea.

Kwa hiyo kundi la kazi ya alama lisizidi watu wanne. Kila mtu awe na sehemu yake inayosimama peke yake, yenye jina lake. Siku ya kuwasilisha, msemaji achaguliwe kwa kura papo hapo, naye aeleze sehemu ambayo si yake. Ukitangaza sharti hili mapema, watafundishana usiku kucha bila kusukumwa.

Kisha waachie sehemu ya alama. Kundi limepata 16 kati ya 20. Kila mwanakundi hugawa pointi 100 kwa wenzake watatu, kwa siri, kwenye kikaratasi, na kwa kila mmoja huandika mstari mmoja wa alichofanya. Zikijumlishwa, pointi za kundi zima ni 400, wastani 100 kwa kila mtu. Alama ya mtu ni alama ya kundi mara pointi zake, gawa kwa 100. Aliyepokea 105 anapata 16.8, wa 115 anapata 18.4, wa 120 anapata 19.2, na aliyepokea 60 anabaki na 9.6. Kabla ya kuandika hiyo 9.6 mwite, umsikilize. Pengine alikuwa anauguza mzazi, na kundi halikujua. Hakuna anayezidi 20, hata hesabu ikisema hivyo.

Lamu watu ni ndugu. Ukiwaacha wachague makundi, utapata mtoto wa ami, mtoto wa mjomba na jirani wa mlango kwa mlango, na kila kikaratasi kitasoma 33, 33, 34. Hakuna atakayemchongea binamu yake halafu wakutane harusini. Makundi yawe ya kura, na kikaratasi kisicho na mstari wa ushahidi kihesabike ni kitupu: pointi zake zigawiwe sawasawa. Wakiendelea kupeana sawa huku kazi ikionyesha wazi nani hakufanya, achana na njia hii kwa darasa hilo, tumia maswali ya ana kwa ana ya dakika tano kwa kila mtu. Inachosha, lakini haidanganyiki.

Alama na faili

Wiki moja kabla ya kazi kubwa ya kwanza, leta kazi tatu za zamani zilizofutwa majina: moja nzuri, moja ya katikati, moja dhaifu. Wanachuo wazipe alama wawili wawili kwa jedwali lako la alama. Tofauti zitakuwa kubwa mwanzoni, kazi ile ile ikipewa 12 na wengine 18. Waulize kila upande uonyeshe mstari uliowafanya watoe alama hiyo. Mara nyingi utagundua jedwali lako ndilo lenye kasoro: neno kama "ufafanuzi mzuri" halikumaanisha kitu. Lisahihishe mbele yao. Alama ya mwisho ni yako bado, ila sasa wanajua inakotoka, na wanaokuja ofisini kulalamika hupungua sana.

Orodha ya alama na majina usiitume kwenye kundi la WhatsApp wala usiibandike mlangoni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu taarifa za mtu binafsi, na matokeo yake ni miongoni mwazo. Kila mtu apewe yake.

Faili ya ushahidi aishike mwanachuo, wewe ushike orodha ya vinavyotakiwa kuwemo. Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la kazi na sahihi siku ile ile, kwa sababu sahihi za kurudi nyuma hukataliwa na mkaguzi, na kwa haki. Faili iwe ya plastiki inayofungika kwa kifungo. Ya karatasi hailiwezi rasharasha la boti. Picha za kazi za vitendo zihifadhiwe mahali pawili, simu na barua pepe, maana simu huanguka baharini na faili huachwa kwenye matatu ya Mpeketoni. Kagua faili kila wiki ya tatu, dakika mbili kwa kila mtu. Anayekaguliwa wiki ya kumi na moja kwa mara ya kwanza ataunda ushahidi usiku mmoja, nawe utautia sahihi ukijua.

Mapatano yakivunjwa

Yatavunjwa. Atakayeyavunja kwanza huenda ukawa wewe: siku saba zimepita na kazi hazijasahihishwa. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa, taja siku mpya, uitimize. Ukikaa kimya, tarehe zao zote nazo zimekufa.

Kwa mwanachuo, mara ya kwanza muulize pembeni, kwa sauti ya kawaida, kilichotokea. Mara ya pili aandike mwenyewe atakavyofidia na lini. Ya tatu fuata kanuni za chuo, bila hotuba. Kumkemea kijana mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima, na heshima ikivunjika hapa hupita mtaani kwao kabla yeye hajafika.

Usitoze faini. Ile shilingi ishirini ya kuchelewa inayokusanywa na kiongozi wa darasa inaonekana haina madhara. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli: wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walipoanza kutozwa faini, wachelewaji waliongezeka, na faini ilipoondolewa hawakurudi kama zamani. Faini huigeuza aibu kuwa bei. Mwenye pesa atanunua dakika zake, na mtoto wa mvuvi wa Matondoni asiye nazo hataingia kabisa.

Kuchelewa kwa boti kutenge na kuchelewa kwa uvivu. Kipimo ni ujumbe: aliyetuma kabla ya kipindi kuanza anachukua muhtasari na mambo yanaisha. Aliyetuma saa nne kwamba yuko njiani, na maji yalikuwa yamejaa tangu alfajiri, ana maelezo ya kutoa.

Wiki ya nne

Dakika kumi za mwisho wa kipindi, toka nje ya darasa. Zamu ya maswali igawe karatasi zenye maswali matatu: mkufunzi aendelee kufanya nini, aache nini, na mimi mwenyewe nimekosa kutimiza nini? Hilo la tatu usiliache. Bila hilo inakuwa karatasi ya kumhukumu mkufunzi tu. Zamu izipange na kuandika muhtasari kwa mwandiko mmoja, usije ukatambua mwandiko wa mtu.

Kipindi kinachofuata rudi na majibu: nitakayobadilisha kuanzia leo, nisiyoweza kubadilisha na sababu yake, na yaliyo mikononi mwenu. Badilisha angalau moja dogo siku hiyo hiyo. Wakisema unaandika ubaoni kwa herufi ndogo, andika kubwa hapo hapo. Kisha pitieni mapatano, futeni lisilofanya kazi, ongezeni moja lililokosekana, mtie sahihi tena.

Muhula ukiisha, karatasi ya mapatano usiipeleke kwa darasa jipya kama ilivyo. Wataiona ni sheria ya watu wengine. Wasomee baada ya wao kuandika ya kwao, wachukue wanachotaka, na karatasi ya zamani iweke kabatini pamoja na orodha ya zamu, jedwali la maji na yale maswali ya vidole yaliyogawanya darasa katikati, kwa kuwa maswali hayo ni magumu kuyatunga na muhula ujao utayahitaji wiki ya pili.